Jina la Ugonjwa na Hukumu ya Mgonjwa: Istilahi za Maambukizo ya Ngono kwa Wasichana Wajawazito

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi za tiba imefanywa kwa muda mrefu katika lugha yetu, na matunda yake yaonekana katika vitabu vya shule, katika mabango ya zahanati na katika matangazo ya redio. Hata hivyo, yako maeneo ambayo istilahi zake zilipokewa kabla ya kuchunguzwa, zikaenea, na sasa hutumiwa na watu wote bila ya kuulizwa zinasema nini. Mojawapo ya maeneo hayo ni maradhi ambayo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Makala haya yanakusudia kuzichambua istilahi hizo jinsi zilivyo katika kamusi, na pia jinsi zinavyosikika mbele ya mtu ambaye zinamhusu kuliko wengine, yaani msichana wa umri wa chini ya miaka 20 aliyeshika mimba, afikapo kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza.

Tumemchagua msichana huyo kwa sababu mbili. Kwanza, si wa nadra. Uchunguzi wa kitaifa wa hali ya watu na afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionesha kuwa, kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, wapatao 22 walikuwa wamekwisha kuzaa, au wana mimba, au wamewahi kushika mimba. Pili, kwake yeye hukutana mafungu matatu ya istilahi: yale yanayotaja ugonjwa, yale yanayotaja umri, na yale yanayotaja mimba. Kila fungu lina jambo la kusema juu yake, na mara nyingi jambo hilo halipatani na yasemwayo na tabibu wala na sheria.

Dai la makala haya ni moja. Istilahi ya tiba yapasa kutaja ugonjwa pasipo kutoa hukumu juu ya mgonjwa. Ikiwa yatoa hukumu, basi imepoteza usahihi wake kama istilahi. Na mgonjwa aisikiaye huweza kupoteza tiba yake.

2. Maradhi yenyewe

Kabla ya kuyajadili majina, yafaa tuwe na picha ya mambo yatajwayo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1 wa 2020 pekee ulileta maambukizo mapya milioni 374 ya maradhi manne ya aina hii yanayotibika, kwa watu wa miaka 15 hadi 49: trikomonasi milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82, na kaswende milioni 7.1. Nje ya hayo manne yako yasababishwayo na virusi, kama vile virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina ya B, malengelenge ya sehemu za siri, na virusi vya papiloma ambavyo baadhi yake huleta saratani ya mlango wa kizazi.

Kaswende ndiyo ndogo kwa idadi katika yale manne, lakini kwa mwanamke mwenye mimba ndiyo yenye madhara makubwa. Kijidudu chake, ambacho Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walikitambua huko Ujerumani mwaka 1905, huweza kupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mtoto huyo huweza kufa kabla ya kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya siku zake, kuzaliwa na uzito mdogo, au kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Uchunguzi uliofanywa Mwanza na kutangazwa mwaka 2002 ulionesha kuwa, miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa wamepimwa wakati wa mimba na waliokuwa na kaswende kali katika damu, takriban robo walijifungua watoto wafu. Kwa wasiokuwa na ugonjwa ilikuwa kama mmoja katika 100. Kwa dunia nzima ilikadiriwa kuwa mwaka 2016 watoto wapatao 661,000 walipatwa na kaswende ya kuambukizwa tumboni, na kati yao 355,000 mimba ziliishia kwa kifo au kwa madhara mengine ya wazi.

Habari njema ni kwamba dawa yake ni ya siku nyingi na ni ya bei nafuu. Tangu mwaka 1943, John Mahoney na wenzake walipoitumia penisilini kutibu kaswende huko Marekani, dawa hiyo haijapata mshindani kwa mwanamke mwenye mimba. Uchunguzi huohuo wa Mwanza ulibainisha kuwa wanawake waliopimwa mapema na kuchomwa sindano moja ya benzathini penisilini ya vipimo milioni 2.4 walijifungua salama sawa na wanawake wasiokuwa na ugonjwa.

Msichana wa umri mdogo yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko mama mtu mzima. Mlango wake wa kizazi haujakomaa, na chembechembe zake laini hupokea vijidudu vya klamidia na kisonono kwa urahisi. Mara nyingi mwanamume aliyempa mimba amemzidi umri, na amewahi kuwa na wanawake wengine. Msichana hana nguvu ya kumshurutisha kutumia kinga. Aidha, kwa kuwa huficha mimba kwa hofu ya wazazi au ya shule, huchelewa kufika kliniki, na kipimo ambacho kilipasa kufanywa katika miezi ya kwanza hufanywa wakati madhara yamekwisha kutokea, au hakifanywi kabisa.

Kwa hiyo, baina ya mtoto kufa tumboni na mtoto kuzaliwa hai pana tone la damu la kupima na sindano. Na kabla ya tone hilo la damu kutolewa, pana maneno machache ya muuguzi. Maneno hayo ndiyo mada yetu.

3. Neno zinaa

Istilahi iliyoenea kuliko zote ni magonjwa ya zinaa. Neno zinaa tumelipata katika Kiarabu, na katika Kiarabu ni neno la sheria ya dini: maana yake ni tendo la kujamiiana baina ya mwanamume na mwanamke wasiokuwa na ndoa baina yao. Kamusi zetu nazo hulieleza hivyo hivyo. Ni neno la dhambi na la adhabu, wala halikukusudiwa kutaja njia ya kijidudu kuingia mwilini.

Tukilipima neno hili kwa kipimo cha kwanza cha istilahi, nacho ni usahihi, tutaona lashindwa mahali patatu.

Kwanza, lashindwa kwa mke aliyeolewa. Mke ambaye hajapata kumjua mwanamume mwingine ila mumewe aweza kuambukizwa kaswende ndani ya ndoa yake ya halali. Yeye hakuzini. Lakini jina la ugonjwa wake ladai kuwa amezini, au angalau lamtangazia kosa la mumewe mbele ya watu.

Pili, lashindwa kwa msichana mdogo. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kwamba mwanamume anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ametenda kosa la kubaka, hata kama msichana mwenyewe alikubali. Kando iliyoachwa ni ya mke aliyeolewa akiwa na miaka 15 au zaidi. Kando hiyo ilitegemea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo vifungu vyake vya umri wa ndoa kwa msichana Mahakama Kuu ilivitangaza mwaka 2016 kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Basi sheria yamwita msichana huyo mtendewa, na istilahi ya kliniki yamwita mtenda. Haiwezekani yote mawili yawe kweli.

Tatu, lashindwa kwa mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa na kaswende, au aliyeingiwa na usaha wa kisonono machoni wakati wa kupita katika njia ya uzazi, ana ugonjwa uleule. Wala hakuna mwenye akili atakayesema kuwa ana ugonjwa wa zinaa yake.

Huenda msomaji akadhani kuwa hukumu hii tumeirithi pamoja na neno, na kwamba lugha tuliyokopa nayo ilifanya vivyo hivyo. Sivyo. Kiarabu chenyewe hakikuyaita maradhi haya kwa jina la zinaa. Istilahi yake ya zamani yatokana na Zuhara, jina la sayari ambayo watu wa kale waliihusisha na mapenzi, kama vile lugha za Ulaya zilivyoyaita kwa jina la Venus, mungu wa kike wa mapenzi kwa Warumi. Na siku hizi Kiarabu hutumia maneno yenye maana ya maradhi yanayohamishwa kwa njia ya jinsi. Kiingereza nacho kiliacha jina la Venus, kikachukua maneno yanayotaja njia ya uambukizaji. Kisha kufikia mwisho wa miaka ya 1990 neno ugonjwa likabadilishwa na kuwekwa neno lenye maana ya maambukizo. Kwa hiyo Kiswahili kililichukua neno la Kiarabu la dhambi na kulifanya la tiba, jambo ambalo Waarabu wenyewe hawakulifanya.

4. Neno mbele ya msichana

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa miaka 16 amefika zahanati ya kijijini na mimba ya miezi mitano. Amekaa katika benchi pamoja na mama zake wadogo na jirani zao. Muuguzi, mwenye kazi nyingi na watu wengi, amwambia:

"Binti, ingia ndani tukupime magonjwa ya zinaa."

"Shikamoo mama. Mimi sina tabia hiyo."

Jibu la msichana ni sahihi kabisa kwa mujibu wa swali lilivyoulizwa. Ameambiwa apimwe zinaa, naye amekana zinaa. Akiondoka hapo bila ya kutoa damu, hakukaidi tiba. Amejitetea dhidi ya shtaka. Tena wale walioko kwenye benchi wamesikia, na habari itafika nyumbani kabla yake.

Sasa tuyabadili maneno tu, na mambo mengine yote yabaki kama yalivyo:

"Mwanangu, kila mama mjamzito afikaye hapa twampima damu. Yako maambukizo ambayo mama huwa nayo asiyahisi, nayo humfikia mtoto tumboni. Tukiyaona mapema, tunayatibu kwa sindano."

Katika maneno haya hapana kitu kilichofichwa. Msichana akiuliza maambukizo hayo hupatikanaje, muuguzi atamjibu kuwa hupatikana kwa kujamiiana na mtu aliye nayo. Lakini jibu hilo laeleza njia, wala halimtaji mkosaji. Tena laeleza kuwa kila mama hupimwa, jambo ambalo ni kweli na ndilo shauri la Shirika la Afya Duniani kuhusu kaswende na virusi vya UKIMWI.

5. Ugonjwa na maambukizo

Neno la pili la kuchunguzwa ni ugonjwa. Katika matumizi ya kawaida mgonjwa ni mtu anayeumwa. Aumwaye hujua, na asiyeumwa hujiona mzima. Lakini wanawake walio wengi wenye klamidia hawahisi lolote, na wengi wenye kisonono vivyo hivyo. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, kwa mwanamke huweza kuwa ndani asikione, nacho hupona chenyewe baada ya wiki chache. Kisha ugonjwa hujificha miaka mingi huku damu ingali nao.

Msichana akiulizwa "Je, una ugonjwa wowote?" atajibu kwa haki kuwa hana. Ndiyo maana twahitaji neno la hali ya kuwa na kijidudu mwilini, kiwe kinauma au hakiumi. Neno hilo tunalo, ila hatulitumii kwa uangalifu. Watu wengi husema maambukizi kwa mambo mawili: tendo la kijidudu kupita kutoka kwa mtu hadi mtu, na hali ya kijidudu kukaa mwilini. Sarufi yetu yatupa njia ya kuyatenganisha. Kiambishi tamati -ji pamoja na u- hutupa jina la tendo, kama katika uandikaji na ufundishaji. Na irabu -o mara nyingi hutupa jina la matokeo, kama katika andiko na fundisho. Kwa hiyo uambukizaji na liwe jina la tendo, na maambukizo jina la hali inayotokana na tendo hilo. Ugonjwa ubaki kwa maambukizo yaliyokwisha kuleta madhara mwilini.

6. Majina ya kila maradhi na lawama zilizomo

Kutia lawama katika majina ya maradhi haya si tabia ya Waswahili peke yao. Jina la kitaalamu la kaswende katika lugha za Ulaya latokana na utenzi wa Kilatini wa tabibu Girolamo Fracastoro wa Verona uliotolewa mwaka 1530, ambamo mchungaji wa mifugo apatwa na maradhi hayo kwa kuwa amemkufuru mungu. Kabla ya hapo Waitalia waliyaita maradhi ya Wafaransa, na Wafaransa wakayaita maradhi ya watu wa Napoli. Kila taifa lilimtafuta jirani wa kumtwika.

Katika lugha yetu maneno ya zamani kama vile sekeneko na tego yaonesha fikra hiyohiyo. Tego ni uganga uliosadikiwa kumpata mwanamume aendaye kwa mke wa mtu. Ugonjwa ukawa ushahidi wa wizi. Maneno kaswende na kisonono hayana mzigo huo: ni majina tu, nayo yafaa yahifadhiwe. Vivyo hivyo pangusa, kwa vidonda laini vya sehemu za siri. Mtoki, kwa uvimbe wa kinenani. Na masundosundo, kwa vinyama viotavyo sehemu hizo. Haya ni maneno ya watu, yanaeleweka, na hayamshitaki mtu.

Madhara ya kukosea jina yalionekana Buganda mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1908 Kanali F. J. Lambkin, tabibu wa jeshi la Uingereza, alitangaza kuwa sehemu kubwa sana ya watu wa Buganda wana kaswende, na sababu akaiweka katika kulegea kwa maadili yao. Wachunguzi waliokuja baadaye waliona kuwa wengi wa wagonjwa wale yaelekea walikuwa na buba, au ugonjwa mwingine wa jamaa hiyo usioambukizwa kwa ngono. Buba huletwa na kijidudu cha ukoo mmoja na kile cha kaswende, huenea kwa kugusana ngozi, na zaidi huwapata watoto. Hata kipimo cha damu cha kawaida hakiwezi kuitenga na kaswende. Taifa zima lilihukumiwa tabia yake kwa jina la ugonjwa. Fadhila iliyobaki katika habari ile ni kwamba hospitali ya Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1913, ilianza kama mahali pa kutibia maradhi hayo.

Mfano mwema tunao karibu zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika Mkoa wa Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa kwa magendo mpakani. Jina likawaelekezea kidole wafanya biashara na wasichana waliopewa nguo hizo. Baadaye likaja neno UKIMWI, yaani Ukosefu, au kama wengine wasemavyo Upungufu, wa Kinga Mwilini. Neno hili lasema jambo lililoupata mwili, wala halisemi lolote juu ya mwenye mwili. Unyanyapaa haukwisha kwa sababu ya neno, hilo twalijua. Lakini angalau neno lenyewe halikuuongeza, na Kiswahili chote kililipokea katika muda mfupi. Kwa hiyo si kweli kwamba istilahi iliyoenea haiwezi kubadilishwa.

7. Majina ya msichana na ya mimba yake

Neno ambalo Kiingereza hulitumia kwa vijana wa miaka 13 hadi 19 limetokana na mwisho wa majina ya tarakimu zake. Hesabu yetu haina kitu kama hicho: kumi na moja na kumi na tisa huundwa kwa namna moja. Maneno yetu ya asili hufuata mwili: kigori ni msichana ambaye hajavunja ungo, na mwari ni aliyevunja ungo na kufundwa. Maneno haya ni mazuri, lakini hayafai kwa takwimu wala kwa sheria, kwa kuwa msichana huweza kuvunja ungo akiwa na miaka 11 au 15. Na katika mahali pengi kumwita mwari ni kusema kwamba amekwisha kuwa tayari kwa mume. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kila mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Istilahi mimba za utotoni, ambayo sasa imeenea, yapatana na sheria hiyo, nayo yastahili kuungwa mkono kwa wale wa chini ya miaka 18. Kwa fungu zima la miaka 10 hadi 19, ambalo Shirika la Afya Duniani hulihesabu kuwa la rika moja, kijana balehe yatosha.

Katika kutaja mimba pia pana tofauti isiyoandikwa. Mke wa mtu husemwa kuwa ni mjamzito, au kwa heshima zaidi mama mjamzito. Msichana asiyeolewa husemwa kuwa amepata mimba, au amebeba mimba, au hata ameharibika. Mwili ni uleule na kliniki ni ileile. Neno mjamzito halikuwekewa sharti la ndoa, na litumiwe kwa wote.

Kwa miaka mingi kanuni za shule nazo zilifuata njia ya hukumu: chini ya kanuni za mwaka 2002 mwanafunzi aliyeshika mimba aliweza kufukuzwa kwa hesabu ya kosa dhidi ya maadili. Mwezi Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuwaruhusu wasichana hao kurudi shuleni baada ya kujifungua. Serikali ilipokwisha kuliondoa kosa hilo shuleni, si haki libaki katika lugha ya zahanati.

Nchini Kenya pana istilahi nyingine ya kuangaliwa. Kosa la mtu mzima kumwingilia mtoto, lililoainishwa katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, huitwa na magazeti unajisi, na mtoto husemwa kuwa amenajisiwa. Najisi ni uchafu. Kosa limetendwa na mtu mzima, na uchafu umebaki kwa mtoto. Tanzania husema kubaka, neno linalomshika mtenda peke yake. Nalo ni bora.

Mwisho ni neno mwenza. Kliniki humwambia kila mjamzito aje na mwenza wake ili naye apimwe na kutibiwa, na shauri hilo ni la hekima, kwa sababu mama aliyetibiwa peke yake huambukizwa upya. Lakini mwenza ni mtu mliye sawa naye, mnayeshirikiana. Aliyempa mimba msichana wa miaka 15 aweza kuwa jirani mwenye watoto, ndugu wa nyumbani au mwalimu. Kumwita mwenza ni kumpa cheo asichokuwa nacho na kulificha kosa lake. Muuguzi na aulize tu: "Ni nani uliyekutana naye?" na neno mwenza liachwe kwa watu wazima walioridhiana.

8. Mapendekezo

Kwa hoja zilizotangulia, tunaleta istilahi zifuatazo mbele ya wasomaji, wauguzi, walimu na watafsiri:

Maambukizo ya ngono: maambukizo yoyote ambayo njia yake kuu ni kujamiiana. Yachukue nafasi ya magonjwa ya zinaa.

Ugonjwa wa ngono: maambukizo ya ngono yaliyokwisha kuonesha dalili au madhara.

Uambukizaji: tendo la kijidudu kupita kutoka kwa mtu hadi mtu.

Maambukizo yasiyo na dalili: hali ya kuwa na kijidudu pasipo kuhisi maumivu wala kuona alama.

Kaswende ya tumboni: kaswende ambayo mtoto ameipata kwa mama kabla ya kuzaliwa.

Kijana balehe mjamzito: mwenye mimba wa miaka 10 hadi 19, awe ameolewa au hakuolewa.

Mimba ya utotoni: mimba ya msichana wa chini ya miaka 18.

Mtu wa kupimwa: yeyote ambaye mgonjwa amejamiiana naye na ambaye yapasa kupimwa. Lichukue nafasi ya mwenza katika fomu zinazowahusu watoto.

Tunajua kuwa yatakuwapo mapingamizi. Wako watakaosema kuwa ngono ni neno zito, lisilotamkwa mbele ya wazee. Hoja hii ina uzito, hasa pwani; na mahali ambapo neno hilo laona haya kusemwa, muuguzi aweza kusema maambukizo ya kujamiiana bila ya kupoteza maana. Lakini uzito wa ngono ni wa haya tu, na wa zinaa ni wa hatia. Mtu huweza kuona haya akapimwa, bali anayeshtakiwa hutafuta njia ya kutoka. Wako pia watakaosema kuwa neno zinaa lafaa kwa kuwa latisha, na kwamba kutisha huzuia. Hao na waulizwe: je, limemzuia nani? Mwanamume aliyempa msichana mimba hayumo katika foleni ya kliniki. Alisikiaye neno ni msichana, naye amekwisha kuambukizwa. Kinachozuiliwa hapo ni tiba.

9. Hitimisho

Istilahi peke yake haitibu. Bila ya vipimo katika zahanati, bila ya penisilini katika kabati, na bila ya muuguzi mwenye subira, majina mema hayatamwokoa mtoto hata mmoja. Lakini mahali ambapo vipimo vipo na dawa ipo, na msichana amekwisha kufika mlangoni, kisiwepo kizuizi cha mwisho kilichotengenezwa na lugha yetu wenyewe. Mkoani Mwanza baina ya mwaka 1991 na 1994 tiba bora ya maambukizo ya ngono katika vituo vya afya vya kawaida ilipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa kadiri ya asilimia 40. Matokeo yale yalitegemea jambo moja la kwanza, nalo ni watu kukubali kuja na kusema yanayowasibu.

Twawaomba wasomaji walioko mahospitalini, mashuleni na katika ofisi za tafsiri waandike mabango na fomu zao mpya kwa maneno haya, wayajaribu mbele ya wagonjwa wenyewe, na watuletee habari ya yale yaliyokubalika na yale yaliyokataliwa, pamoja na maneno bora zaidi yatumiwayo na watu wa kwao. Orodha yetu si amri. Yaletwe yaliyo bora, na yazingatie sharti moja: msichana ayasikiapo, asijione amesimamishwa kizimbani.